Maganda ya Ndizi

Juzi nilikaa kwenye benchi la ofisi ya kata kule Kaisho. Mbele yangu walisimama mama mmoja na jirani yake, mwanamume aliyemkata ng'ombe wa mama huyo mguu kwa panga.

"Alikula maharage yangu," alisema yule bwana.

"Maharage nitayalipa," mama akajibu.

Mtendaji wa kata akafurahi. "Basi mmeelewana."

"Hatujaelewana, mwanangu. Ng'ombe wangu Bihogo kalala chini tangu jana, na bwana mifugo anasema haponi. Maumivu yake yeye nani atayalipa?"

Mtendaji akakiri kwamba sheria ya kuwalinda wanyama ipo, na ukatili wa namna hiyo una faini, hata kifungo. Kisha akauliza, "Lakini mbona ng'ombe hakukimbia alipomwona na panga?"

Mama alimtazama jirani yake, si mtendaji. "Angekimbiaje? Huyu ndiye humpa maganda ya ndizi kila jioni. Alimfuata mwenyewe."

Bwana yule akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Sisemi usishtakiwe," mama akamwambia taratibu. "Ila bwana mifugo anakuja mchana kummaliza. Njoo umshike kichwa. Kwako atatulia."

Wakatoka, mama mbele, bwana nyuma, kofia ingali mkononi.

Faini ataimudu, kahawa mwaka huu si mbaya. Mimi sikuwafuata, ila tangu juzi nawaza tu jinsi Bihogo alivyoinusa mikono ile iliyomshika kichwa, akitafuta maganda.