Kengele ya Mya Sein Iliponyamaza

Ukitaka kumuudhi U Ohn Pe, mwambie kengele zote za ndovu zinalia sawa. Atakugeuzia mgongo aendelee kutafuna majani yake ya chai yaliyochachushwa, na siku hiyo hutapata neno jingine kwake. Amechunga ndovu miaka arobaini na nane katika milima ya Bago, na enzi zile hakukuwa na mchungaji mwenye heshima zake aliyemvalisha mnyama wake kengele ya kununua. Kila mmoja alichonga ya kwake kwa kipande cha msaji. Alikichimba tumbo, akaning'iniza vigongo viwili kwa nje, akatikisa, akasikiliza, akachonga tena, hadi ikatoa sauti isiyokuwa na pacha kambi nzima. Yake ilikuwa na sauti nene na ya kivivu, kama mwanamke anayetwanga huku anawaza mengine.

Jioni, kazi ya kuvuta magogo ilipokwisha, ndovu walifunguliwa waende msituni kujitafutia. Alfajiri kila mtu alimfuata wake kwa sikio. Macho ya nini katika ukungu ule? Siku hizi ukataji umesimamishwa, ndovu waliobaki wanabeba watalii, na vijana wanasema watawatafuta kwa simu. Mzee anazikumbuka alfajiri zile, kengele sitini zikiitana mabondeni na harufu ya wali ikitoka jikoni, na anazitamani bado. Wala haoni haya kukuambia.

Ndovu wake aliitwa Mya Sein, jike, mpole, mwenye masikio yaliyochanika pembeni. Rafiki yake wa chanda na pete, Kyin Maung, alikuwa na dume liitwalo Po Ni. Wawili hao walikula chungu kimoja na kutaniana kutwa. Kyin Maung alimwita Mya Sein bibi harusi kwa jinsi alivyotembea taratibu, na Ohn Pe, aliyekuwa kijana na bado hajaitwa U ya heshima, alimjibu kwamba afadhali bibi harusi kuliko dume linalokoroma mpaka majani yanapukutika. Mtu aliyetaka kuwagombanisha alijichosha bure.

Sasa sikiliza jinsi dunia inavyogeuka. Masika moja, miaka thelathini na tisa iliyopita, ndovu fulani aliingia katika shamba la migomba chini ya kilima usiku tatu mfululizo, akalifyeka. Mwenye shamba alipanda kambini akiwa na panga mkononi na machozi machoni. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote. Mkuu wa kambi, aliyekuwa hapendi kesi ndefu, akatoa hukumu kabla ya ushahidi: ndovu mwenye hatia atahamishiwa Katha, kaskazini kabisa, na mchungaji wake atamfuata.

Ohn Pe alipoulizwa, alijibu bila kusita. Kengele ya Mya Sein ilinyamaza jua lilipozama, kwenye kijito kilicho karibu na kambi, na kengele ikinyamaza ndovu amelala. Akala yamini kwa hilo. Kengele ya Po Ni, kwa upande mwingine, ilisikika usiku kucha karibu na migomba, maana dume lile lilipenda nyasi za upande ule. Kesi ikaishia hapo. Kwa watu wetu kengele ilikuwa shahidi asiyekula rushwa, mtu angeyakana macho yake kwanza. Kyin Maung akapewa siku tatu za kufunga virago.

Kesho yake alfajiri Ohn Pe alikwenda kijitoni kumchukua Mya Sein, akitega sikio, na asisikie kitu. Alimkuta amesimama, macho makavu kabisa, anapunga masikio. Akaishika kengele. Tumbo lake lilikuwa limeshindiliwa tope, likasawazishwa vizuri kama ukuta uliopigwa lipu, na alama ya ncha ya mkonga ilikuwa bado mbichi juu yake. Pembeni kulikuwa na rundo la mavi lililojaa nyuzi za migomba, maana usiku huo, usio na mvua ya kuliosha tope kama zile zilizopita, alikwenda kumalizia mabaki. Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkubwa hawakumjua Mya Sein, lakini walimsema yeye.

Alicheka kwanza. Alicheka hadi akajishika mbavu, maana tangu azaliwe hajasikia mnyama mwenye akili hiyo. Kisha kicheko kikamkauka. Mkewe, Hla Yin, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Safari ya Katha ilikuwa ya siku tisa kwa miguu na kwa mashua. Akainama kijitoni, akalikokoa tope lile kwa vidole, akaiosha kengele mpaka ikalia.

Siku mbili hakula wala hakumtazama Kyin Maung usoni. Asubuhi ya tatu, Po Ni ameshafungwa mizigo, uvumilivu ukamshinda. Akasimama mbele ya mkuu wa kambi na watu wote akasema kweli: mwizi ni Mya Sein, aliziba kengele kwa tope, mimi nimeiosha.

Kambi nzima iliangua kicheko. Mkuu akamuuliza tope liko wapi, na tope halikuwepo. Ndovu azibe kengele? Kwa nini asivae na viatu vya kunyatia? Ohn Pe akaanza upya kueleza, na pengine watu wawili watatu wangeanza kujiuliza. Hapo ndipo Kyin Maung alipojitokeza, akamwekea mkono begani na kusema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Mwacheni kaka yangu. Ananidanganyia kwa sababu ananipenda. Kaka Pe, asante, lakini uongo huo hata mtoto hawezi kuumeza."

Basi ikawa imekwisha. Kyin Maung akapanda shingoni kwa Po Ni, wakaondoka. Mwezi uliofuata Hla Yin alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Kila mwaka tangu hapo, mvua zikikatika, barua ilikuja kutoka Katha, na kila mwaka ilianza hivi: kwa kaka yangu aliyekubali kusema uongo kwa ajili yangu. Fikiria kuishi na maneno hayo. Mya Sein alikufa kwa uzee, Hla Yin akaota mvi, binti akaolewa, na bado U Ohn Pe alizipokea shukrani zisizo zake na kuzificha ndani ya sanduku. Nani angemwamini? Angemwandikia kweli, rafiki angecheka kama kambi ilivyocheka.

Mwaka jana akaja msichana wa chuo kutoka Yangon, Ei Mon, na mashine zake za kunasa sauti za ndovu. Wakati wa chakula alitaja tu, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba wachungaji wa sehemu kadhaa wamesimulia jinsi ndovu wanavyojaza tope kwenye kengele zao wakienda kuiba, na yeye anataka kulichunguza jambo hilo. Mzee akaweka kikombe chini.

"Rudia, mwanangu."

Ei Mon akarudia. Mzee akalia mbele ya wageni, machozi yakadondokea sahani ya wali, na Hla Yin akadhani amekabwa na mwiba wa samaki.

Siku ile ndipo mkewe alipoisikia habari yote. Alimwambia aache, mambo yamekwisha zamani, atapoteza rafiki uzeeni kwa ajili ya migomba. Hakusikia. Barua haitoshi, alisema, neno hili nitalipeleka kwa mdomo, na akitaka kunitemea mate anitemee. Akapanda treni ya kaskazini.

Kyin Maung alikuwa amekaa uani, jicho moja limeingia ukungu, anakata tambuu. Walikumbatiana, wakaketi. U Ohn Pe alikataa chai mpaka aseme. Akasema yote: tope, alama ya mkonga, nyuzi za migomba, maji ya kijito. Akamaliza kwa kusema kwamba hakuwa amemdanganyia mtu. Alikuwa amesema kweli, siku mbili baada ya kuificha.

Kyin Maung aliendelea kukata tambuu yake hadi ikaisha.

"Nilikuona unaosha," akasema. "Nilikuwa upande wa pili wa kijito na Po Ni."

U Ohn Pe hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Mbele ya mkuu... ulifanya makusudi."

"Walikuwa wanakaribia kukuamini. Shemeji ana tumbo lile, ungempeleka Katha akazikwe njiani?"

"Na barua zote zile?"

"Nilidhani unajua kuwa najua. Nilikuwa nakutania, Pe. Kumbe wewe unazibeba kama mzigo?"

U Ohn Pe akacheka na kulia kwa pamoja, akampiga rafiki yake ngumi ya begani, akamwita mwehu, mshenzi, baba wa wendawazimu. Alijisikia mwepesi kama kijana. Akauliza basi habari za Po Ni, yuko kambi gani, wakamwone.

Kyin Maung akasukuma sahani ya tambuu pembeni.

"Katika kila barua nilikuandikia ni mzima," akasema. "Hakuizoea baridi ya huku. Alikufa mwaka ule ule wa kwanza."

U Ohn Pe akaanza kuomba radhi, na Kyin Maung akamvutia kichwa chake begani, akamwacha alie mpaka chai ilipopoa.