Nilisema Mkongo Hafai Kumwigiza Bibi Yetu

Habari za humu, na shikamooni walionizidi umri. Admin, nifunikie jina na mtaa, maana Bagamoyo ni ndogo na ndugu zangu wamo humu wanasoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeachika, nina mtoto mmoja. Nimesomea sanaa za maonyesho. Nafundisha maigizo mashuleni, na kwenye tamthilia napewa nafasi za jirani, muuza genge, au nesi wa kusema "daktari anakuja" halafu basi.

Kwenye ukoo wetu yuko mama wa zamani, nitamwita Mwanamvua, si jina lake halisi. Ni bibi yake bibi yangu mzaa baba. Wajerumani walipoivamia pwani aliwaficha majeruhi kwenye vibanda vya mashamba ya chumvi, akawalisha mpaka wakapona, na kwa hilo akachapwa viboko hadharani. Sisi tumelelewa na jina lake. Ukikosea kidogo unaambiwa, mjukuu wa Mwanamvua hafanyi hivyo.

Mwaka huu wamekuja watu wa filamu kutengeneza kisa chake. Nilikwenda kwenye usaili nikijua nafasi ni yangu, damu yake ninayo na wazee wanasema hata paji la uso ni lake. Wakampa Mkongo. Mimi wakanipa kazi ya kumfundisha huyo Mkongo Kiswahili cha pwani. Mbele yao nilicheka nikashukuru, nyumbani nikalilia kwenye kanga.

Hapa sina jina, kwa hiyo nasema ukweli: moto huu niliuwasha mimi. Nilikwenda kwa baba mkubwa, ndiye mkuu wa ukoo, nikamwambia, "Baba, bibi yetu anaigizwa na mgeni. Watanzania wamekwisha? Shujaa wa nchi hii achezwe na mtu wa nchi hii." Sikumwambia kwamba nafasi ile niliiomba nikakosa. Akawaka. Wiki mbili hazijaisha, ukoo umekaa vikao vitatu, vijana wetu wanaandika mitandaoni kwamba Wakongo warudi kwao, na barua imeandikwa: ama abadilishwe, ama ukoo unakataza kisa chetu kisichezwe.

Huku mimi naendelea kumfundisha. Nitamwita Furaha. Siku za kwanza nilimwombea achemke, ashindwe kabisa, na jamani, hakuchemka. Ile sehemu ya viboko hapigi kelele, anavihesabu tu midomo ikicheza, na mimi mwalimu nageukia ukutani nisionekane. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, huyu mama alizaliwa wapi?" Nikamjibu kwa jeuri, "Hapa hapa."

Kila mwaka tunamsomea Mwanamvua khitma. Hupikwa pilau kama kwa watu wote, ila lazima kiwepo chungu kimoja cha kisamvu cha mawese, bila tui hata tone. Pwani nzima kisamvu ni nazi. Sisi tuliambiwa ni nadhiri ya marehemu, usiulize, na mawese yanaagizwa Kigoma. Utotoni tulikuwa tunakificha kile kisamvu chini ya wali.

Safari hii nilimwalika Furaha, na nia yangu ilikuwa mbaya. Nilitaka akae uani na wanawake wa ukoo aone mwenyewe kwamba hapa ni mgeni. Akaonja kile kisamvu, akaongeza. Kisha akamwambia bibi yangu, "Mama, hii ni sombe. Kwetu Maniema tunapikaka hivi hivi. Nani aliwafundisha?" Wanawake wakacheka. Bibi hakucheka. Aliacha kula, akaomba ashikwe mkono aingizwe ndani.

Kesho yake akaniita, akasema nifunge mlango. "Mjukuu wangu, Mwanamvua hakuzaliwa hapa. Aliletwa. Alitembezwa kwa miguu toka huko Manyema, kwao huyo mgeni wako, kafungwa shingo pamoja na mwenzake, hata kuvunja ungo bado. Akanunuliwa na mwenye mashamba ya chumvi, ndiye babu yetu. Hilo jina alipewa hapa, la kwanza hatulijui. Wewe hukujiuliza kwa nini kaburi lake liko nje ya ukuta wa makaburi ya wenziwe?"

Sisi tuliambiwa aliomba alale karibu na njia.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. "Ningesema, shangazi zako nani angewaoa? Na mdogo wako kaposwa na watu wanaouliza ukoo mpaka babu wa saba. Waambie, uone kama watarudi." Nikasema, basi bibi, nifanyeje? Akasema, "Sijui, mama. Nimelibeba tangu mtoto, nimechoka. Sasa tuko wawili."

Jumamosi ni kikao na watu wa filamu, viongozi wakiwepo, na Furaha naye kaitwa. Baba mkubwa kanichagua mimi niisome barua. Kasema, "Wewe ndiye msomi wa sanaa, na wewe ndiye uliyetuamsha." Ndani yake mna maneno niliyoyatunga mwenyewe kabla sijajua: "Mzaliwa wa ardhi hii aigizwe na mzaliwa wa ardhi hii." Kwa kanuni yangu hiyo hiyo, mwenye haki ya nafasi ile si mimi. Na hizi nchi mbili tunazogombania hazikuwepo siku mtoto yule anafungwa shingo.

Nikiisoma, namfukuzisha mtu kwa uongo, na Mwanamvua namtoa nje ya ukuta mara ya pili. Nikisema ukweli, posa ya mdogo wangu inavunjika, na bibi atatazamwaje na watoto wake uzeeni. Nilifikiria kujitia naumwa, lakini baba mkubwa ataisoma mwenyewe, na yeye ataisoma kwa moyo safi.

Jana Furaha kaniletea chupa ya mawese, kaagiza kwa Wakongo wenzake Dar. Kasema ni ya bibi, maana siku ile hakumaliza chakula chake. Nimeiweka kabatini, barua iko pembeni yake.

Msinitukane sana, najitukana vya kutosha. Wenye dada waliowahi kuposwa, na wenye bibi wazee, hebu niambieni: keshokutwa nikisimama mbele ya yule dada, nisome, au niseme bibi yetu alikotoka?