Mama Nakala na Swali la Kumi na Nne

Mama Nakala alikuwa katibu muhtasi kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kuzaa nyingine mbili. Moja ya bosi, moja ya faili, na moja ya huwezi jua. Alipostaafu, ugonjwa huo ulikataa kustaafu naye. Hata orodha ya sokoni aliiandika mara tatu. Jina hilo alipewa na majirani kwa nia mbaya kidogo, naye akalipokea kama cheo.

Ana binti mmoja, ambaye mtaa mzima unamwita Meneja. Meneja ana miaka thelathini na nne, alizaliwa na ulemavu wa akili na hajui kusoma, lakini ukikiacha kiti nusu hatua nje ya mahali pake atakuita urudi ukisogeze, uwe nani uwe nani. Mama yake alipochoka kumwona anashinda nyumbani akipanga vijiko na kuvipangua, aliazima gereji tupu ya jirani, akakusanya watu wazima wengine watano wenye ulemavu kama huo, na kuwafundisha kutengeneza bahasha za kaki. Mmoja anapima, mmoja anakata, wawili wanakunja, na mmoja, anayeitwa Fundi Gundi, anapaka gundi. Meneja anakagua. Bahasha iliyopinda inaingia kapuni, na hakuna rufaa.

Kazi ilikwenda miaka minne. Kisha paa likaanza kuvuja juu ya meza ya gundi, na wakati huohuo shirika moja likatangaza ruzuku ndogondogo kwa miradi ya watu wenye ulemavu wa aina hiyo. Mama Nakala akaenda kuchukua fomu. Akachukua tatu.

Maswali yalikuwa kumi na sita, naye aliyajaza yote kwa siku mbili, isipokuwa la kumi na nne. Liliuliza mradi utaendeleaje mwanzilishi akiondoka. Alikaa nalo wiki nzima. Alikuwa na miaka sitini na saba na goti moja linalogombana na kila ngazi, na kwa macho yake swali lile halikuhusu bahasha hata kidogo. Lilimuuliza Meneja atabaki na nani siku mama yake akiwa hayupo, na hilo alikuwa analikwepa tangu binti huyo azaliwe. Mdogo wake, mwalimu mstaafu mwenye imani kubwa na maneno marefu, alimshauri aandike “uendelevu shirikishi”. Mama Nakala akamuuliza maana yake. Mdogo mtu akajibu kwamba maana si muhimu. Nafasi ikabaki wazi, kwenye nakala zote tatu.

Shirika likajibu kwamba afisa wake atakuja Alhamisi kujionea kazi, na kwamba angependa kupata maelezo ya swali lililorukwa. Hapo presha ikapanda. Mama Nakala akachapa hotuba ya kurasa nne, akaifanyia mazoezi mbele ya kabati, na kabati halikuwa na pingamizi.

Alhamisi saa tatu afisa akaingia, mwanamume mpole mwenye tai ya buluu na daftari mkononi. Sasa, gereji ile ina desturi yake: hakuna kuja kutazama. Watu wale wametazamwa maisha yao yote na wamechoka nako, kwa hiyo anayeingia anavaa aproni na kukunja bahasha kama wengine. Afisa hakuwa na habari hiyo. Kabla hajafungua daftari, Meneja alishamvika aproni, akamkalisha na kumsogezea rundo la kaki.

Mama Nakala akaona huko si kumpokea mtu aliyekuja na ruzuku mfukoni. Akajikohoza, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kumkaribisha mgeni rasmi. Bahati mbaya ilikuwa saa ya gundi. Saa ya gundi hakuna kuongea, kwa sababu Fundi Gundi akishtuka brashi inaruka, na siku moja ilimrukia kuku wa jirani, akazunguka mtaani kutwa nzima na bahasha mgongoni. Sheria hiyo Mama Nakala aliitunga mwenyewe.

Meneja akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

“Mama, nje.”

“Mwanangu, nilitaka tu kumweleza mgeni kwamba...”

“Saa ya gundi. Nje.”

Akatoka. Nyuma yake komeo likalia.

Mdogo wake alipofika kushuhudia ushindi, alimkuta dada yake kasimama juu ya kreti la soda akichungulia dirishani, hotuba iko kwapani. Akatafuta kreti lake. Waliyoyaona yaliwakata maini. Afisa alikunja bahasha, Meneja akaitupa kapuni. Akakunja nyingine, kapuni. Ya sita ilipowafuata wenzake, Mama Nakala alianza kuiaga ruzuku kimoyomoyo. Kwenye ya tisa, tai ya afisa ikazama ndani ya gundi, na mkataji akamwendea na mkasi, kwa nia njema kabisa. Mama Nakala akafumba macho.

Alipoyafumbua, tai ilikuwa bado nzima. Meneja alikuwa ameuchukua mkasi, ameifuta tai kwa kitambaa chenye maji na kuitupia begani kwa mwenyewe. Pikipiki ikapita nje na kelele zake, Fundi Gundi akaanza kutetemeka, na Meneja akamshika bega mpaka ikatokomea. Kisha akarudi kwenye bahasha zake.

Saa ya gundi ilipokwisha, afisa akamuuliza Meneja kwa sauti ya chini iliyofika hadi dirishani.

“Kuna swali kwenye fomu halikujibiwa. Mama akiondoka, kazi hii itakuwaje?”

Huko nje Mama Nakala alizishika nondo za dirisha. Alitaka kupaza sauti aseme swali hilo ni lake, wasimtwishe binti yake.

Meneja hakuinua hata macho.

“Si ameshaondoka?” akasema. “Hebu ikunje vizuri hiyo.”

Afisa akaangalia rundo la bahasha lililokuwa limejaa mezani, akafungua daftari na kuandika. Mama Nakala akalia palepale juu ya kreti, kicheko nacho kikamshika humohumo, ikabidi mdogo wake amkamate kiuno wasianguke wote wawili. Alifurahi, na ilimuuma. Miaka yote aliogopa siku ambayo binti yake angemhitaji asimkute, wala hakuwahi kufikiria siku ambayo hatahitajika.

Ruzuku ilitoka baada ya wiki tatu, bati jipya likapigwa. Jumatatu iliyofuata Mama Nakala alimwambia Meneja atangulie, yeye atakuja baadaye. Meneja akamwambia asiwe na haraka, akaenda zake. Mama Nakala akaosha kikombe, akakirudia, akafagia palipokuwa pamefagiliwa. Mwishowe akampigia simu mdogo wake.

“Samahani kwa usumbufu,” akasema. “Hivi watu huwa wanafanya nini saa nne asubuhi?”