Mlango Ambao Patrisi Hakuugonga

Sheria mpya ya umeme ilimfikia mzee Patrisi kwa masikio, maana kusoma hakujua. Polycarp, mwenye mtambo, alimsomea wakiwa kwenye banio la maji, pale kijito kinapotoka msitu wa Ngorongoro. Mtambo wenyewe ni mdogo. Maji yanashuka kwenye bomba, yanazungusha gurudumu, na nyumba za upande ule wa Karatu zinapata taa. Patrisi ndiye mlinzi wa banio.

"Inasema kila mtambo, mkubwa kwa mdogo, utoe umeme wa uhakika," Polycarp alisema. "Ukitaka kuuzima kwa matengenezo, kila mteja aambiwe kabla. Kila mteja, mzee wangu. Mmoja akikosa habari akalalamika, wanaweza kutufungia."

"Leonida alikuwa anafanya hivyo bila sheria," Patrisi alisema.

Ni kweli. Mkewe ndiye aliyekuwa akizunguka kupeleka habari. Aliingia kila nyumba, akakaa, akanywa chai, akatoka na habari za kijiji kizima. Patrisi alikuwa akimtania: "Umeme unazimwa kesho, wewe utarudi keshokutwa." Sasa Leonida amezikwa tangu masika, na kuzunguka kumemwangukia yeye.

Wairaqw wa zamani, watu wa kabila lake, wakifiwa hawakuingia nyumba za watu. Mfiwa alikaa kando miezi kadhaa, asije akawapelekea wengine kifo kilichomgusa. Vijana wameacha. Padre naye alimwambia Patrisi kwamba sala zinatosha. Patrisi hakubishana na padre. Aliushika mwiko kimya kimya. Leonida alipoanza kuumwa, yeye ndiye aliyemwambia asubiri kidogo, wamalize palizi ndipo waende hospitali. Palizi iliisha. Leonida hakufika hospitali. Mwiko huo ndio kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa.

Kwa hiyo alitangaza akiwa njiani, nje ya ua wa minyaa wa kila nyumba. "Kesho umeme hakuna, tunasafisha bomba." Watu waliitikia kutoka jikoni, yeye akaendelea na safari.

Kwa Bernadina aliita mara mbili, hakuna aliyejibu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani redio iliimba, na taa ya mashine ya kutotolesha vifaranga iliwaka kwenye kona. Hatua chache tu zingetosha. Patrisi alisimama, akaegemea fimbo, kisha akaondoka.

Jioni Polycarp alimuuliza, "Wote umewaambia?"

"Wote."

Kesho yake ukungu ulishuka, ile baridi ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa, na umeme haukurudi mpaka magharibi. Mayai ya Bernadina yalikuwa yameanza kudonolewa kutoka ndani. Yakapoa. Vifaranga wakafia humo humo.

Bernadina alilalamika, na ofisa wa umeme akaja kusikiliza kwenye ofisi ya kata. Alikuwa kijana mpole mwenye koti la mvua.

"Nilikuwa nyumbani siku nzima," Bernadina alisema. "Sikuambiwa. Ningejua, ningewasha jiko la mkaa."

"Uliambiwa, mama," Polycarp alisema. "Mzee Patrisi alipita kila nyumba. Huyu mzee namfahamu, hasemi uongo."

"Basi mwongo ni mimi. Wale vifaranga nimewafinya mwenyewe kwa vidole."

Watu wakacheka kidogo. Patrisi hakucheka. Aliwaza kwamba akinyamaza, Bernadina atarudi nyumbani akiitwa mwongo. Akisema, mtambo unaweza kufungwa, na Polycarp ataaibika kwa kumwamini. Ofisa akamgeukia.

"Mzee, ulimwambia?"

"Sikuingia."

"Hukuingia wapi?"

"Ndani. Niliita, hakusikia. Mlango ulikuwa wazi, nikaondoka."

Ofisa hakuelewa. Bernadina alielewa.

"Kwa ajili ya Leonida?" aliuliza.

Patrisi aliitikia kwa kichwa. Polycarp aliangalia viatu vyake.

Ofisa alisema pole. Kisha akasema sheria haina kifungu cha msiba. Safari hii ni onyo, safari nyingine mtambo unafungwa. Polycarp aliahidi kumlipa Bernadina mayai mengine. Wakiwa njiani kurudi hakumgombeza mzee, na hilo lilimuuma Patrisi kuliko matusi.

"Mzee wangu," alisema walipokaribia banio, "utaingia, au nitafute mwingine?"

Patrisi aliinama, akaanza kutoa majani kwenye banio.

Ilipofika zamu nyingine ya kusafisha bomba, alizunguka. Kwenye nyumba za mwanzo walimwitikia kama kawaida. Kwa Bernadina aliita, na redio ikamjibu. Mashine ilikuwa inawaka, imejaa mayai. Alivua kofia, akapita ua, akaugonga mlango.

"Karibu baba," Bernadina alisema akitoka chumbani. "Ingia, mayai hayang'ati."

Aliingia.

"Kesho umeme hakuna."

"Haya, nimesikia. Nitaweka mkaa tayari." Alivuta kigoda karibu na dirisha. "Kaa unywe chai. Leonida alikuwa anapenda kukaa hapa."

Patrisi alikitazama kile kigoda. Mwiko alikuwa ameuvunja tayari. Kukaa hakungeongeza wala kupunguza kitu. Lakini alikunywa chai amesimama, karibu na mlango, akaimaliza haraka ikiwa bado inaunguza.