Mkia wa Mninga

Zubery Selemani alijifunza redio vitani, kule Burma, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Aliporudi Sumbawanga mwaka 1946, ndugu zake wenye maduka na malori walimtaka akae dukani auze vitenge. Alikataa. Wakampa chumba cha nyuma ya duka la kaka yake pale Majengo, chenye dirisha moja, akakijaza nyaya. Mimi ndiye niliyemtengenezea meza. Mara tatu alinirudishia akidai inacheza, nami kwa macho yangu sikuona inacheza wapi. Urafiki wetu ulianzia kwenye meza hiyo.

Naeleza habari zake kwa sababu hapa mjini bado wanamwita yule fundi aliyeangusha ndege ya mzungu. Hakuiangusha. Niliiangusha mimi, Gaudensi, seremala wa Izia, na naona aibu hata kuliweka jina langu karibu na lake.

Mwaka 1954 bwana mpima ardhi, ndiye mzungu huyo, aliletewa sanduku kutoka Uingereza. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya mfano, yenye mabawa marefu kama kitanda cha mtoto, injini ndogo, na redio ya kuiongozea kutoka chini. Mbao nilipewa mimi, redio akapewa Zubery. Bwana alitoa ahadi: ndege ikiruka vizuri, atamwandikia Zubery barua aende Dar es Salaam kusomea kazi ya redio serikalini. Tangu siku hiyo Zubery akawa ananyoa ndevu kila asubuhi. Nilimtania kwamba barua haina macho. Akacheka, akaendelea kunyoa.

Jumamosi ndege ilikamilika, tukaipima mlalo wake. Kwenye tumbo la kila bawa palikuwa na alama, theluthi ya upana kutoka ukingo wa mbele. Unatia betri na kila kitu chake ndani, kisha unainyanyua kwa ncha za vidole viwili penye alama hizo. Pua ikiinama kidogo, ni salama. Mkia ukiinama, ndege itapanda kichwa juu, ichoke, ianguke.

Mkia uliinama. Zubery akakata vipande vya madini ya risasi, akavibandika puani kimoja baada ya kingine, akiinyanyua kila mara huku amezuia pumzi. Saa nzima. Mwishowe pua ikainama kama mtu anayeitikia salamu.

"Sasa asiiguse mtu," akasema. "Hata nzi."

Akaniachia mimi niilinde, kwa kuwa chumba chake kilikuwa kimejaa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Baba mkwe wangu, mzee Evaristi, hakuwahi kuniheshimu. Kwake mwanamume ni shamba la ulezi, na mimi nilikuwa na randa na msumeno tu. Jumapili baada ya Misa nikaibeba ndege kwenda kumwonyesha. Mke wangu Cornelia alinikataza. Nikamwambia haya si mambo ya wanawake.

Mzee aliizunguka, akaigusa kwa fimbo. "Na hii mnaila?" akauliza. Kisha akataka iingizwe ndani, mama mkwe aione pale jikoni alipokuwa. Milango ya nyumba zetu za zamani unaingia kwa kuinama. Mimi niliinama. Mkia haukuinama. Nikasikia kah!

Mbao zile za Ulaya ni nyepesi kama bua la muhindi, nami sikuwa na kipande kingine. Nikafanya anachofanya seremala: nikachonga kijiti cha mninga, nikakifunga mkiani kwa uzi na gundi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Maisha yangu yote nilitengeneza vitanda na mabenchi ya kanisa, na kazi nzuri kwangu ni kazi isiyovunjika. Nilipomaliza nilijisifu moyoni kwamba sasa mkia ni imara kuliko mwanzo. Uzito nilijua umeongezeka. Nilijiambia, kijiti tu.

Jumatatu asubuhi tulikutana Kizwite, pembeni mwa mji, upepo wa Juni ukipuliza, watu wamejaa. Zubery alinyoosha vidole viwili chini ya mabawa.

"Nipime mara ya mwisho."

"Tulishapima Jumamosi, ndugu yangu," nikasema. "Haijaguswa."

Akanitazama, akarudisha mikono. "Neno lako linatosha."

Bwana akauliza kama imepimwa. Zubery akajibu, "Tayari, bwana." Kwa kinywa chake.

Ilipoachiwa ilipanda pua juu, juu zaidi, watu wakashangilia. Mimi peke yangu nilijua tunachokiona. Ikasimama hewani, ikageuka, ikajikita katikati ya matuta ya ulezi. Bwana alikuwa akibonyeza kitufe cha redio hadi ilipofika chini.

"Redio haikusikia!" akafoka. Akamwita Zubery fundi wa kubahatisha mbele ya mji mzima. Barua haikuandikwa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, ulimi mzima, meno yote, nisiseme kitu. Zubery aliokota vipande, akavifunga kwenye gunia, akaondoka peke yake.

Niliendelea kwenda kwake kila wiki. Ningeacha, angeshuku. Miaka sita nilikunywa kahawa yake, nimeegemea dirisha lile, tukizungumza habari za mvua.

Mwezi uliopita upepo ulipiga, kijiti kilichoshikilia dirisha kikaanguka. Nikakiokota. Kilikuwa kimejaa masizi ya lehemu, lakini fundi hasahau kazi yake. Uzi wangu. Vanishi yangu, mara mbili.

"Simamisha dirisha, Gaudensi," akasema bila kuinua macho. "Moshi unatuumiza."

"Zubery, kijiti hiki..."

"Kigumu hicho. Hakijavunjika mpaka leo."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia bwana. Akaweka chini chuma cha kulehemu.

"Nilishamwambia imepimwa. Ningesema nini? Kwamba nilisema nisichokijua?" Akakitazama kijiti. "Nikakiweka hapo dirishani, unapoegemea, nikasema ataniambia mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikusubiri kwa hasira. Baadaye nikazoea kukusubiri."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Ila hata leo hukusema wewe. Upepo ndio uliosema."

Nikasimamisha dirisha kwa mkia ule. Kisha nikatoka kuwaambia watu, nikianza na mzee Evaristi.