Binti Niliyemhamisha Shule

Nilifundisha miaka sita katika shule ya binafsi pale Chaani, na kazi yetu nilikuwa nikiiamini. Kwenye mikutano ya wazazi nilisimama nikasema kwamba shule zikishindana, mtoto ndiye atakayefaidi. Mzazi asiyeridhika amhamishe mwanawe, kama anavyohama duka.

Jirani yangu, muuza mahamri, aliniamini. Bintiye alikuwa mzito wa kusoma. Alikuwa shule ya serikali, darasa limejaa hadi wengine wakikaa sakafuni, lakini palikuwa na mwalimu mmoja mtu mzima aliyembakisha kila adhuhuri akimsomesha polepole. Nilimwambia mamake, "Mlete kwetu. Huko anapotea." Akamleta.

Kwetu hapakuwa na nafasi ya polepole. Alifika darasa la nane akisoma kwa kubahatisha. Kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, mwenye shule aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti.

"Huyu atatushusha. Wazazi huangalia matokeo, mwalimu. Zungumza na mamake, nyinyi mwafahamiana."

Nilikwenda asubuhi, mafuta yakichemka karaini. Nikazungukazunguka kwa maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza mahamri.

"Kwa hiyo hamumtaki."

"Si mimi, dada."

"Ulinambia mimi ndiye wa kuchagua."

Binti alitokea mlangoni, sare keshavaa, akaniamkia. Nikaitikia marahaba nikiangalia chini.

Mamake alimrudisha shule ya serikali. Yule mwalimu alikuwa amestaafu, na wengine hawakumjua mtoto. Alihudhuria majuma matatu, akichekwa kwa kurudi, kisha akakataa kutoka nyumbani. Mamake alimbembeleza, akamgombeza, mwisho akanyamaza. Sasa binti anafulia watu nguo huko Magongo.

Shule yetu ilipata matokeo mazuri mwaka ule. Tulitundika bango barabarani, na mimi nimo pichani, natabasamu.

Niliacha kazi baadaye. Haukuwa ushujaa, nilishindwa tu kusimama tena mbele ya wazazi. Juzi nikaenda kuwaomba radhi. Mama alisema amenisamehe, na naamini alisema kweli. Binti alikuwa ameketi kando yake. Nilipomgeukia, aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akaurudisha mlango.