Mitungi ya hewa ya paintball: nilivyoikataa ya bure ya shemeji yangu hapa Mwanza

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko hapa Rock City, na kisa ninacholeta nimekiishi mwenyewe, sijasimuliwa na jirani. Wale wa "hii chai" someni kwanza mpaka chini, kikombe mtanirudishia baadaye.

Juzi humu ndani mtu ameuliza wapi atapata mtungi wa hewa wa paintball wa bei nafuu. Akatokea mjuaji akamjibu: chukua mtungi wa kuzimia moto, fundi akubadilishie kichwa, kazi imeisha.

Wakuu, damu ilinichemka. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Kwa wasioujua mchezo: timu mbili mnawindana kwa bunduki za vipira vya rangi. Hazina baruti. Kinachosukuma kipira ni hewa iliyobanwa kwenye mtungi mdogo unaofungwa nyuma ya bunduki, na mchezaji anauegemeza begani. Yaani mtungi uko pale pale karibu na shavu.

Sasa twende.

Baba mkwe wangu ana kiwanja Igoma. Kikubwa, ila kimejaa mawe, yale mawe yetu ya Mwanza yaliyopandana kama mtu aliyapanga kwa hasira. Huwezi kulima, na kujenga mpaka uwe na hela ya kuvunja miamba. Miaka yote mzee anakiita "hasara yangu".

Mimi niliyaona yale mawe nikaona sehemu za kujificha. Nikasema hapa paintball inakaa, nikamwomba mzee anipe.

Nilipata bunduki nane zilizotumika kutoka kwa jamaa wa Arusha aliyefunga uwanja wake, pamoja na helmeti za kufunika uso. Mitungi alikataa kunipa. Aliniambia, "Dada, hii imepitwa na muda wake wa kupimwa, siwezi kumuuzia mtu." Mungu ambariki huyo jamaa popote alipo.

Wakati huohuo alijitokeza mfanyabiashara wa mbao, anataka kukodi kiwanja chote. Mzee akaniita nyumbani kwake Igogo. Nikaamkia, akaitika, akasema bila kuzunguka: "Mwanangu, mimi sikuzuii. Lakini nataka nione watu kwa macho yangu. Vijana wa kwaya wakija kucheza nikawaona, tutaongea. Wasipokuja, nampa mtu wa mbao."

Vijana wa kwaya ya kanisani kwetu Kirumba walishaniahidi Jumamosi moja. Kwa hiyo nilikuwa na bunduki, nina mawe, nina wateja, na sina hewa.

Mume wangu yuko mgodini Geita, nikampigia. Akasema, "Mama watoto, wewe ukishaamua nani atakuzuia? Ila kuwa makini na vitu vya presha." Basi nikaanza kutafuta.

Cha kwanza kilichoniita ni mtungi wa kaboni, nimeuona mtandaoni. Mwepesi, mweusi unang'aa, unabeba presha ya psi 4500. Bei imeshushwa mpaka nikashtuka. Nikamwambia muuzaji anitumie picha ya maandishi ya kwenye mtungi, maana kila mtungi wa kweli una tarehe ya kupimwa. Akanitumia picha ya mtungi ukiwa mezani, umepambwa na maua. Nikamwomba tena, akanitumia sauti ya dakika tatu akiapa kwa jina la mama yake. Mimi na huyo tukaishia hapo.

Lakini hata angekuwa mkweli, kuna swali sikuwa nimejiuliza: huo mtungi nitaujazia wapi Mwanza hii?

Fundi pancha hawezi. Kompresa yake ni ya matairi, kwa hii kazi ni sawa na kupuliza kwa mdomo. Mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji usiuguse kabisa, oksijeni ikikutana na mafuta kidogo tu inalipuka. Gesi ile ya soda nayo wapo wanaoitumia, ila kwangu sikupata wa kunijazia vimtungi vidogo, na presha yake inabadilika na joto.

Nikakaa nikawaza: nani hapa kwetu anatumia hewa iliyobanwa kila siku? Jibu liko ziwani. Siku hizi vizimba vya samaki vimejaa, na kuna wazamiaji wanaoshuka kukagua nyavu zake. Hao wana mitungi ya kupumulia na kompresa ya kuijazia.

Nikampata mmoja ufukweni kule Kirumba, Mkerewe, mcheshi balaa, tumwite Kapteni. Akaniambia kompresa yake inafika 3000, haipiti hapo. Na hajazi mtungi usio na tarehe, hata uwe wa mama yake mzazi.

Hapo hesabu ikakaa sawa. Mtungi wa 4500 ningeununua kwa bei ya juu halafu kila siku naujaza theluthi mbili. Wa alumini wa 3000 ni mzito kidogo, lakini bei yake ni ya kibinadamu na hewa yake ipo hapa hapa. Jamaa wa Arusha akaniunganisha na mtu mwenye mitungi ya alumini iliyopimwa karibuni. Nikaomba picha za shingo za mitungi, zikaja siku hiyo hiyo, tarehe zinasomeka vizuri. Uwezo wangu ukafika mitungi minne. Ikaja na basi. Mmoja ulikuwa unavuja kwenye regulata, kile kichwa kinachopunguza presha, tukabadilisha kimpira cha ndani, ukatulia.

Minne kwa bunduki nane. Na hapo ndipo anaingia shemeji Masanja.

Masanja ni mdogo wake mume wangu, fundi wa kuchomelea Igoma. Roho yake nzuri, mkono wake mzuri, lakini mbishi kama punda wa mteremkoni. Mimi na yeye ni utani kutwa. Ananiita bibi yake, mimi namwambia bukta anayovaa aliirithi.

Siku moja akaja na mitungi ya kuzimia moto iliyokwisha kazi, ameipaka rangi nyeusi, ameichomelea vichwa vipya. Minane mizima. "Shem, bure kabisa! Hela ya Arusha ungenunulia kitenge."

Nikaitazama. Nikamwambia, "Shemeji, hii nitapandia maua. Nikikosa maua nitakuzikia humo." Tukacheka, akaiacha kwa mama mkwe, mimi nikajua nimeshakataa.

Kumbe yeye alijua natania! Kwa mashemeji sisi, mtu akikuambia "hiki kibaya" maana yake amekipenda.

Siku chache kabla ya Jumamosi ya kwaya, simu ikaita. Kapteni. "Mama, kuna shemeji yako hapa na mitungi minane. Anasema umemtuma nijaze. Mimi nimegoma, lakini hataki kuondoka. Njoo useme mwenyewe."

Nilichukua bodaboda moja kwa moja mpaka ufukweni.

Nikamkuta Masanja amesimama kati ya mitungi yake, wavuvi na wauza dagaa wamemzunguka, anawahutubia. Anasema amejaza upepo kwa fundi pancha, amezamisha kwenye ndoo, hata povu moja halijatoka. "Haivuji! Sasa huyu anaogopa nini?"

Akaniona. "Bibi yangu huyo! Mwambie huyu Mkerewe ajaze."

Watu wakacheka, wakasubiri nami nicheke.

Nikasema, "Masanja."

Wakuu, sikuwa nimewahi kumwita jina tupu tangu niolewe. Kicheko kikakatika.

"Masanja, sikutanii. Mtungi wa kuzimia moto umetengenezwa kwa presha ndogo. Sisi tunataka kuutia zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kutovuja kwa upepo wa pancha siyo kupima. Huu ukipasuka haupasuki kama tairi, unapasuka vipande vya chuma."

Akasema, "Unanidharau kazi yangu mbele za watu."

"Kazi yako naiheshimu, geti langu umelichomelea wewe. Nakuuliza kitu kimoja. Neema wako yumo kwenye kwaya, Jumamosi anakuja. Mtungi unakaa hapa." Nikajigusa bega, nikajigusa shavu. "Nimfungie upi katika hii minane? Chagua wewe baba yake."

Hakuchagua. Aliangalia mitungi, akaangalia ziwa, kisha akaanza kuipakia kwenye guta mmoja mmoja. Aliondoka bila kuniaga.

Habari ilifika Igogo kabla yangu. Mama mkwe hakunijibu salamu. Baba akaniweka kitako: "Umemwaibisha mwanangu ufukweni kwa sababu ya vyuma?"

Nikamwambia, "Baba, kwa aibu nisamehe, nitamwomba radhi hata kwa magoti. Kwa mitungi sirudi nyuma. Kiwanja kikienda nitalia siku mbili niendelee na maisha. Mtoto wa mtu akiumia mikononi mwangu, baba, hatutamaliza kulia."

Mzee akasema tu, "Jumamosi nitakuja."

Sikulala vizuri mpaka Jumamosi, nawaambia ukweli.

Kwaya wakaja wengi kuliko nilivyotegemea, na mimi nina mitungi minne. Tukacheza wawili kwa wawili, waliobaki wanasubiri zamu juu ya mawe. Nilidhani watachoka waondoke. Wapi! Walikuwa wanawaimbia waliopigwa, soprano inaanza, besi inaitikia, aliyepakwa rangi anatoka anacheza. Kapteni alileta mtungi wake mkubwa, akawa anajaza taratibu, mmoja baada ya mwingine. Baba mkwe kakaa kwenye kiti chini ya mwavuli, anawatazama.

Mchana Masanja akatokea. Hakunisalimia. Akasimama mbali amekunja mikono.

Zamu ya Neema ikafika. Amevaa helmeti, ameshika bunduki, anaelekea mchezoni, baba yake akapita katikati ya watu akamzuia. Nikasema leo ananilipizia hapa hapa mbele ya mzee.

Masanja akachukua ile bunduki. Akapiga goti. Akaugeuza mtungi, akatafuta shingoni kwa kidole gumba mpaka akayapata maandishi. Akayasoma polepole, midomo inacheza. Akasoma tena.

Kisha akamrudishia binti yake. "Nenda. Huu umepimwa."

Nilijifanya naokota vipira ili machozi yasionekane.

Jioni mzee alitoa uamuzi wake. Mtu wa mbao amepewa kipande cha mbele, cha barabarani, ambako hakuna mawe. Sehemu ya mawe yote ni yangu. Sikupata nilichotaka chote, ila nilichopata kinatosha kuchezea. Mama mkwe bado ananinunia kidogo, tunaenda naye hivyohivyo. Masanja amenichomelea stendi ya kuwekea mitungi, na utani umerudi, tena mbaya kuliko mwanzo.

Somo langu wakuu: unafuu hauanzii kwenye bei. Anza na nani atakujazia na kwa presha gani, ndipo ununue mtungi unaolingana na hewa ya mji wako. Halafu soma tarehe kwa macho yako. Ukiona mitungi minne mizuri na minane ya wasiwasi, chukua minne, watu watasubiri zamu. Na ukimkataza ndugu jambo la hatari, mkataze ukiwa umekunja uso. Mimi nilikataa nikiwa nacheka, nusura initokee puani.

Wenye uzoefu wa mikoa mingine leteni ya kwenu, hasa nani anajazia wapi. Na wewe mwenye mtungi ndani usioujua asili yake, piga picha ya shingo uiweke hapa tuisome pamoja.

Usiujaze kwanza.